Motokaa ya Watu Wote

Ukimwuliza mwanafunzi ye yote ni nani aliyebuni motokaa, huenda akakujibu upesi kwamba ni Henry Ford wa Marekani. Jibu hilo si kweli. Karl Benz alikwisha kuunda motokaa Ujerumani mwaka 1886, wakati Ford alipokuwa kijana asiyejulikana na mtu nje ya kijiji chake. Hata kazi ya kuunda motokaa nyingi za namna moja hakuianza yeye. Mwenzake wa jimbo lile lile la Michigan, Ransom Olds, aliifanya tangu mwaka 1901. Basi una haki ya kuniuliza, ewe msomaji: ikiwa mtu huyu hakubuni motokaa, wala hakuwa wa kwanza kuziunda kwa wingi, jina lake limepataje kukaa katika vinywa vya watu muda wa karne nzima? Hilo ndilo nitakalo kukusimulia. Wala sitasimulia kama mtu aliyesoma vitabuni tu, maana katika ujana wangu nilifanya kazi miezi miwili kwa utaratibu uliozaliwa katika kiwanda chake, na hata leo viganja vyangu havijausahau.

Ford alizaliwa tarehe 30 Julai 1863 katika shamba karibu na Dearborn. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Ireland, mkulima aliyetumaini kwamba mwanawe angeshika kazi ya shamba baada yake. Kijana hakuitaka. Hakuwa mvivu; bali aliona kazi ya shamba ina jasho jingi kuliko mavuno yake, na kila alipotazama kazi iliyofanywa kwa mkono alijiuliza kwa nini isifanywe kwa mtambo. Mwaka 1876, mwaka ule ule aliofiwa na mama yake, walikuwa safarini na baba yake katika gari la farasi walipokutana na mtambo wa mvuke ukijiendesha wenyewe barabarani. Henry aliruka chini akaenda kumhoji mwendeshaji kabla baba yake hajatambua lililotokea. Miaka mitatu baadaye aliliacha shamba akaenda Detroit kutafuta ufundi.

Huko alipata kazi, na baada ya miaka akawa mhandisi katika kampuni ya umeme ya Edison. Mchana alilinda mitambo ya kampuni. Usiku aliunda gari lake mwenyewe katika banda la matofali nyuma ya nyumba aliyopanga. Alfajiri ya tarehe 4 Juni 1896 gari likawa tayari. Lilikuwa na magurudumu manne kama ya baiskeli na injini ya silinda mbili. Halikuwa na breki, wala halikuweza kurudi nyuma. Ndipo alipogundua kwamba mlango wa banda ni mwembamba kuliko gari. Fundi aliyepima kila kipande cha chuma kwa uangalifu alisahau kupima mlango! Alitwaa shoka akabomoa ukuta, gari likatoka, akaliendesha gizani katika mitaa ya Detroit.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu kinamwonyesha mtu huyu kama alivyokuwa maisha yake yote. Kilichosimama mbele yake, kiwe ukuta, mwenye mali, au rai ya rafiki, alikipiga shoka. Tabia hiyo ilimfikisha mbali, nayo baadaye ilimponza.

Kampuni mbili alizoanzishwa na matajiri wa Detroit hazikumfaa. Ya kwanza, iliyoanza mwaka 1899, ilivunjika mapema mwaka 1901. Ya pili aliiacha mwaka 1902 baada ya kugombana na waliotoa fedha. Ya tatu iliandikishwa tarehe 16 Juni 1903, ikiwa na dola 28,000 tu taslimu, na hiyo ndiyo Ford Motor Company. Humo pia palikuwa na ugomvi. Motokaa ya siku zile ilikuwa chombo cha matajiri, na baadhi ya wenye hisa waliona ni busara kuwaundia matajiri motokaa kubwa za bei kubwa, kwa kuwa faida ya moja ilishinda faida ya ndogo kadhaa. Ford alisema kinyume: iundwe motokaa moja, nyepesi, imara, rahisi, ambayo mkulima aweza kuinunua na kuitengeneza mwenyewe. Mwaka 1906 aliyempinga zaidi, mfanya biashara wa makaa ya mawe aitwaye Alexander Malcomson, aliuza hisa zake akatoka. Tangu hapo kauli ya Ford ndiyo iliyotawala.

Motokaa zake alizipa majina kwa herufi za alfabeti. Alianza na A mwaka 1903. Nyingine zilitoka kiwandani zikauzwa, nyingine zilibaki michoro tu, hata akaifikia T. Katika orofa ya tatu ya kiwanda chake cha barabara ya Piquette alijitengea chumba chenye mlango wa kufungwa. Ndani palikuwa na ubao mweusi kama ule ulio mbele yako darasani. Joseph Galamb, fundi mchoraji aliyetoka Hungaria, alichora ubaoni. Ford alikaa akatazama, akauliza, akafuta, akataka kichorwe tena. Pamoja nao alikuwapo Childe Harold Wills, aliyeijua sana tabia ya metali. Walichagua chuma cha pua kilichochanganywa na vanadi, kwa sababu chuma hicho kilikuwa na nguvu nyingi kwa uzito mdogo. Motokaa nyingine za wakati ule zilikuwa imara kwa sababu zilikuwa nzito. Hii ilikuwa imara ijapokuwa nyepesi, nayo yote haikuzidi sana kilo 540.

Ilitolewa mwezi wa Oktoba 1908, bei yake dola 850. Injini yake ilikuwa na silinda nne zilizosubuliwa katika kipande kimoja cha chuma, na kifuniko chake cha juu kiliweza kufunguliwa kwa spana, hata mkulima asiye fundi aliweza kuchungulia ndani. Ilikuwa na nguvu za farasi 20, na mwendo wake mkubwa ulikuwa maili 40 au zaidi kidogo kwa saa. Ilisimama juu sana kutoka ardhini. Springi zake zilikaa kwa upana, moja mbele na moja nyuma, hivyo gurudumu moja likipanda jiwe na jingine likitumbukia shimoni, motokaa ilijinyonganyonga ikapita. Wakati ule barabara za Marekani nje ya miji zilikuwa udongo mtupu. Ye yote aliyesafiri katika barabara ya udongo mwekundu siku za masika aweza kuyafahamu mapenzi ya wakulima wale kwa motokaa hii bila kuelezwa zaidi.

Lakini kuiendesha kulikuwa na vituko vyake. Dereva wa leo angepanda akapotea. Chini palikuwa na vikanyagio vitatu, wala kimoja hakikuwa cha kuongeza mwendo. Mwendo uliongezwa kwa kijiti kilichokuwa chini ya usukani. Kikanyagio cha kushoto kikikandamizwa mpaka chini, motokaa ilikwenda polepole kwa nguvu. Kikiachwa kipande juu, ilikwenda mbio. Cha katikati kiliirudisha nyuma. Cha kulia kilikuwa breki. Tangi la petroli lilikaa chini ya kiti, na petroli iliteremka yenyewe hadi kwenye injini, kama maji ya mfereji. Basi petroli ikipungua na kilima kikiwa kikali, tangi lilikuwa chini kuliko injini, petroli ikakataa kupanda. Dereva alifanya nini? Aligeuza motokaa akapanda kilima kinyumenyume! Tazama jambo hili: mtu mzima amevaa kofia yake na mkewe kando yake, anakwenda kanisani kwa mgongo. Wala hawakuona haya, maana jirani zao nao walifanya vivyo hivyo.

Kuiwasha ndiko kulikokuwa na hatari. Ilipigwa hendeli kwa mbele, na kama kijiti cha cheche hakikurudishwa vizuri, injini ilirudisha teke, hendeli ikapiga mkono. Watu wengi walivunjika mkono kwa njia hiyo. Asubuhi za baridi mafuta yaliganda, na injini ilipowaka motokaa ilianza kujongea yenyewe kumfuata aliyeiwasha, kama ng'ombe anayemjua mchungaji wake. Mtambo wa kuiwasha kwa umeme ulianza kuuzwa nayo mwaka 1919 tu.

Wakulima waliisamehe yote hayo. Waliinyanyua nyuma kwa jeki, wakafunga mkanda katika gurudumu, nayo ikapura nafaka, ikapasua kuni, ikavuta maji. Alasiri iliwapeleka sokoni. Mke wa mkulima aliyekuwa haonani na jirani ila mara moja kwa wiki sasa aliweza kwenda mjini akarudi siku ile ile. Nadhani sisi tuliozaliwa karibu na barabara ya basi hatuwezi kuupima upweke uliokuwa katika mashamba yale makubwa, wala furaha ya kuondokewa nao.

Maombi yakawa mengi kuliko motokaa. Katika kiwanda cha Piquette motokaa ilisimama mahali pamoja, na mafundi waliizunguka wakiiunganisha kama waashi wazungukavyo nyumba. Mwaka 1910 kazi ilihamishiwa Highland Park, katika jengo kubwa lililochorwa na Albert Kahn, lenye madirisha mengi ya vioo. Huko ndiko kulikotokea jambo ambalo kwalo jina la Ford limebaki.

Katika machinjio ya Chicago ng'ombe aliyechinjwa alitundikwa juu akapitishwa mbele ya wachinjaji waliosimama safu. Huyu alikata paja, yule akakata bega, wa tatu akakata ubavu. Kila mmoja alikata pale pale siku nzima, na mwisho wa safu ng'ombe alikuwa ametoweka. Wakuu wa kiwanda cha Ford waliligeuza wazo hili. Wenzao walianza na kitu kizima wakamaliza na vipande. Wao wataanza na vipande wamalize na kitu kizima.

Walianza na magneto, mtambo wa sumaku utoao cheche za kuwashia petroli. Fundi mmoja aliyeketi peke yake na vyombo vyake aliunganisha magneto moja kwa dakika 20 hivi. Tarehe 1 Aprili 1913 kazi yake iligawanywa katika vitendo 29, kila kitendo na mtu wake, na magneto ikasukumwa kutoka mkono hadi mkono. Muda ukashuka hata dakika 13 na sekunde 10. Mwaka uliofuata waliinua meza kwa inchi 8, ili watu wasiiname, muda ukawa dakika 7. Wakaupima tena mwendo wa kazi, wakafikia dakika 5. Inchi 8 tu, msomaji! Hakukuongezwa chuma wala umeme; viuno vya watu vilinyooshwa, basi.

Halafu walikijia kiunzi cha motokaa yenyewe. Kwa njia ya zamani kukiunganisha kulichukua saa 12 na dakika 28. Walikifunga kamba wakakivuta kwa winchi mwendo wa futi 250, mafundi sita wakikifuata na kuokota vyuma vilivyopangwa njiani. Muda ukawa saa 5 na dakika 50. Kisha wakawasimamisha watu mahali pamoja, kiunzi ndicho kikapita mbele yao, vyuma vikaletwa kwa kila mtu mpaka kiunoni mwake. Mwaka 1914 muda ukawa saa 1 na dakika 33. Mtu aliyetia bolti hakukaza nati. Aliyetia nati hakuikaza. Wa tatu alikuja kuikaza. Mwaka ule kampuni ya Ford, kwa wafanya kazi wapatao 13,000, iliunda karibu motokaa nyingi kama zilizoundwa na makampuni mengine yote ya Marekani kwa pamoja, nayo yalikuwa na wafanya kazi wapatao 66,000.

Hapa naomba ruhusa nikuambie habari yangu mwenyewe, kwa kuwa tarakimu hizi nilipozisoma mara ya kwanza sikuzishangilia kama mwandishi wake alivyotazamia.

Nilipomaliza shule, nikingoja matokeo ya mtihani, nilipata kibarua katika kiwanda kimoja cha kutia mananasi katika makopo. Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya mkanda uliobeba makopo yaliyokwisha kufungwa, na kuondoa kila kopo lililobonyea. Siku ya kwanza niliiona kazi hiyo ni mchezo. Siku ya tatu niliyaona makopo katika ndoto. Mkanda haukwenda mbio sana, wala haukwenda polepole. Ulikwenda kwa mwendo ambao mtu hawezi kuusahau wala kuwaza jambo jingine. Nilijaribu kukariri mashairi niliyofundishwa shuleni. Kila nilipofika ubeti wa pili kopo lililobonyea lilinipita, na nyapara akaniita kwa jina lisilokuwa langu. Karibu nami alisimama mama mmoja wa makamo aliyeifanya kazi ile kwa miaka mingi. Aliniambia, "Usishindane nao mwanangu. Mkanda hauchoki." Hakusema zaidi, kwa sababu kusema kulitaka kugeuza uso.

Jambo lililonistaajabisha nililitambua siku ya mwisho. Nilikuwa nimekaa miezi miwili katika kiwanda cha mananasi nisione nanasi zima hata moja. Yaliingia upande mwingine wa jengo, kwa mlango mwingine, wakati wa zamu ya watu wengine. Harufu yake ilikuwa katika nguo zangu, lakini lenyewe sikuliona. Hata hivyo nisiwe mwongo: ujira wangu niliupokea kwa furaha, nikanunua viatu, na salio nikampa mama yangu. Pasipo mkanda ule kibarua kisingekuwapo, na makopo yale yasingekuwa na bei ambayo watu wa kawaida waliiweza. Mambo haya mawili nimeshindwa kuyapatanisha tangu siku ile, nami siwezi kujidai kwamba nitayapatanisha mbele yako leo.

Wafanya kazi wa Highland Park hawakuhitaji shairi kuwaonyesha kasoro ya mkanda. Walitoroka. Mwaka 1913, ili kuwa na wafanya kazi wapatao 14,000 kiwandani, kampuni ililazimika kuajiri zaidi ya watu 52,000. Wengine walikuja asubuhi wasirudi kesho yake. Wengi wao walikuwa wageni kutoka Ulaya waliokuwa hawajajua Kiingereza. Mafundi wa zamani, waliokuwa wakiunda magneto nzima na kujivunia, waliona wamegeuzwa kuwa kidole kimoja cha mkono wa mtu mwingine.

Dawa aliyoitoa Ford iliishangaza dunia. Tarehe 5 Januari 1914 kampuni ilitangaza kwamba ujira, uliokuwa kama dola 2.34 kwa siku, utakuwa dola 5, na saa za kazi zitapungua kutoka 9 kuwa 8. Wenye viwanda wengine walisema ana wazimu. Maelfu ya watu wasio na kazi walikuja mlangoni katika baridi kali ya Januari, wakasukumana, na baada ya siku chache askari waliwatawanya kwa mipira ya maji. Wazia maji ya baridi mwilini mwa mtu aliyekuja kutafuta kazi wakati theluji iko chini!

Nazo dola 5 hazikutolewa ovyo. Sehemu kubwa ya nyongeza iliitwa fungu la faida, nalo lilikuwa na masharti. Kampuni ilikuwa na idara ya wakaguzi waliokwenda nyumbani kwa wafanya kazi kutazama kama nyumba ni safi, kama bwana hanywi kupita kiasi, kama anaweka akiba, kama ameoa kweli yule anayeishi naye. Wanawake waliokuwa kiwandani hawakupewa fungu hilo hapo mwanzo. Mwaka ule ule mke wa mfanya kazi mmoja alimwandikia Ford barua bila kutaja jina lake. Alikubali kwamba dola 5 kwa siku ni baraka, lakini alimlalamikia juu ya mnyororo wa kazi: mumewe, alisema, hurudi nyumbani akajitupa chini, amechoka hata hawezi kula chakula cha jioni, je, hapana njia ya kulitengeneza jambo hili? Nimesoma mengi yaliyoandikwa juu ya Ford na wataalamu wa mali na wa mitambo. Sijaona mahali palipoelezwa mkanda vizuri zaidi ya barua ya mama huyo asiye na jina.

Lakini bei ilishuka, na hilo halikanushiki. Motokaa iliyouzwa dola 850 mwaka 1908 iliuzwa dola 490 mwaka 1914, na dola 360 mwaka 1916. Mwaka 1925 ile ndogo ya viti viwili iliuzwa dola 260. Mfanya kazi wa Ford mwenyewe aliweza sasa kununua kitu alichokiunda, jambo ambalo babu yake Ulaya asingaliliota. Tangu 1914 hadi 1925 motokaa hizi zilipakwa rangi nyeusi tu, rangi rahisi yenye kudumu, na watu wakazizoea kama tuzoeavyo weusi wa sufuria ya jikoni. Katika vita vya 1914 hadi 1918 zilibeba majeruhi Ufaransa. Zilitumiwa na jeshi la Waingereza hata katika Afrika ya Mashariki, ijapokuwa hapa kwetu mizigo mingi ya vita ile ilibebwa vichwani mwa wapagazi, ambao jina la kikosi chao limesalia katika mtaa wa Kariokor mjini Nairobi.

Sasa nirudi kwenye lile shoka. Yasimuliwa kwamba mwaka 1912 Ford aliporudi kutoka safari ya Ulaya wasaidizi wake walimwonyesha kwa furaha motokaa mpya waliyoiunda kwa siri, ya kisasa zaidi, wakidhani atapendezwa. Aliizunguka kimya mikono mfukoni, kisha akashika mlango akaung'oa, akang'oa na wa pili, akavunja kioo, hakuiacha hata alipokwisha kuiharibu. Kwake T ilikuwa kamili, na kitu kikamilifu hakina mrithi.

Miaka kumi ilimpa haki, iliyofuata ikamnyima. Watu waliokwisha kuwa na motokaa walitaka sasa motokaa nzuri. Chevrolet ya kampuni ya General Motors iliwapa rangi mbalimbali na gia za kisasa, na iliwaruhusu kulipa kidogo kidogo. Mwanawe Ford, Edsel, aliyeitwa rais wa kampuni kwa jina tu, aliliona jambo hilo wala hakusikilizwa. Mwanyumba wake Edsel, Ernest Kanzler, mkuu mmoja wa kampuni, alimwandikia mzee Ford mwezi wa Januari 1926 barua ndefu ya heshima akimweleza kwamba wateja wanaondoka. Kabla ya mwaka kwisha alifukuzwa kazi. Wala mtu asidhani kwamba ukaidi wa mzee ulikuwa katika mambo ya mitambo tu. Katika miaka ile ile gazeti lake, Dearborn Independent, lilieneza uongo na chuki juu ya Wayahudi, hata mwaka 1927 akalazimika kuomba radhi hadharani.

Mwisho hesabu za mauzo zilimshinda hata yeye. Tarehe 26 Mei 1927 motokaa ya milioni 15 ilitoka mwisho wa mkanda wa Highland Park. Edsel alikamata usukani, baba yake akaketi kando yake, wakaenda nayo Dearborn, karibu na shamba alikozaliwa mzee. Kazi ya kuunda T ilikomeshwa. Motokaa ya kuirithi haikuwa tayari, kwa kuwa mzee hakutaka iwe tayari, na viwanda vilinyamaza kwa muda wa karibu nusu mwaka. Maelfu kwa maelfu ya wafanya kazi wa Detroit walirudi nyumbani pasipo kuambiwa wataitwa lini.

Huko Dearborn, siku ile ya Mei, walikuwa wametoa nje magari mawili ya zamani yasimame karibu na lile jipya: T ya kwanza ya majaribio, na lile gari la 1896 lenye magurudumu kama ya baiskeli. Mzee Ford, umri wake miaka 63, alilipanda la 1896. Liliwaka. Aliliendesha polepole kuuzunguka uwanja, gari ambalo kila nati yake aliijua kwa sababu aliikaza kwa mkono wake mwenyewe.